Zege Hunywa Maji

Jumapili, 8 Machi

Hili sijamwambia mtu: leo asubuhi sikujichoma sindano. Niliingia jikoni kama kawaida, nikafungua friji, nikaitoa chupa ya insulini kwenye rafu ya mayai, nikaishika mpaka ikapata joto la mkono, kisha nikairudisha. Nikausukuma mlango wa friji kwa goti, maana mpira wake umelegea na haushiki vizuri. Mama akauliza kutoka chumbani, "Tayari?" Nikasema tayari. Nilitegemea moyo unidunde. Haukudunda.

Nieleze ilivyoanza, nisije nikajishangaa siku nikisoma haya nimeshazeeka. Nina sukari tangu darasa la nne. Mjomba, kaka yake Mama, anayeishi chumba cha uani, alipatikana nayo mwaka jana, wakati huo tumbo lake likitangulia kuingia mlangoni yeye akifuata. Mimi nina sindano, yeye akapewa vidonge. Muuguzi wa kliniki akamwambia apunguze mafuta mwilini na anyanyue vitu vizito, kwa sababu misuli hula sukari. Mjomba ni fundi wa kuchomelea mageti na mtaa mzima unamwita Kreni, kwa hiyo kuambiwa anyanyue vitu vizito aliona kama kuambiwa apumue. Lakini alitii. Akachukua mabomba chakavu, akamimina zege kwenye makopo ya rangi, akaunganisha, tukapata vyuma vya mazoezi.

Nasema tukapata kwa sababu na mimi nilikuwa nimenenepa. Sukari yangu ikishuka lazima nile kitu kitamu papo hapo, na ilikuwa ikishuka mara kwa mara. Shuleni wakaanza kuniita Tangi. Hawakuniita kwa ubaya. Waliniita kama mtu anavyoita tangi.

Basi tangu likizo, kila jioni karakana ikifungwa, mimi na Mjomba tunanyanyua. Yeye ananiita Nati. Anasema nati ni kitu kidogo kisicho na kelele, lakini ikilegea lori zima linalala mtaroni.

Alhamisi alikwenda kliniki. Tumbo limekwisha, daktari amempunguzia vidonge, na akiendelea hivi huenda akaviacha. Aliingia uani akicheza, kofia ya kuchomelea kichwani, akanishika mabega mbele ya Mama na Bibi.

"Nati, sasa zamu yako. Sukari ni kama kutu, ukiisugua inatoka. Mwaka huu tunaizika hiyo sindano."

"Muulizeni daktari kwanza," Mama akasema.

"Daktari ndiye aliyesema."

"Alisema habari yako."

"Sukari ni sukari, dada."

Bibi akasema, "Haba na haba," akaenda kuanua nguo. Bibi hamalizi methali. Anasema mwenye akili atajimalizia.

Kuna kitu ninachokijua peke yangu humu ndani. Kijitabu nilichopewa kliniki, kilichoandikwa kwa lugha ya shuleni, kinasema ugonjwa wangu na wa Mjomba ni magonjwa mawili. Mwili wa Mjomba unatengeneza insulini ila unaitumia vibaya. Wangu hautengenezi, na mazoezi hayataufundisha. Nilikisoma miaka mingi iliyopita. Ijumaa nikakisoma tena. Kisha nikakirudisha chini ya godoro, nikamwamini Mjomba.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua imeanza rasmi. Karakana inavuja juu ya mashine ya kukatia. Tulinyanyua. Asubuhi nilijichoma, jioni sikujichoma.

Jumanne, 17 Machi

Sketi ya shule inazunguka yenyewe kiunoni. Nilipofika darasani zipu ilikuwa imehamia mbele. Nikabana kwa pini. Mmoja akasema, "Tangi linavuja." Wakacheka, nikacheka. Nilifurahi siku nzima, nikawa namwangalia huyo msichana anayefurahi kama ninavyomwangalia mtu wa dirisha la jirani.

Jumamosi, 21 Machi

Mjomba alinipima kiuno kwa tepu yake ya chuma, ile anayopimia mageti. Ni ya baridi na inakata. Akaangalia namba, akapiga mluzi, akamwita Bibi aje aone.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, "mume wetu angekuwa hai ningelala na njaa."

Halafu tukaenda kwenye vyuma. Kile cha makopo ya bluu, ambacho mwezi uliopita nilikuwa nakipandisha mpaka kifuani huku nikiongea, leo kilifika magotini kikagoma. Nikakitua. Nikajaribu tena. Kikagoma.

"Umekula?" Mjomba akauliza.

"Nimekula."

"Umelala?"

"Nimelala."

Akakinyanyua mwenyewe, akakipima mkononi, akagonga kopo kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama daktari. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi aongee kwa nguvu.

"Ni hali ya hewa hii. Zege hunywa maji, Nati. Hili limeshiba."

Alisema kwa uzito wote wa ufundi wake na mimi nikakubali. Tukavitoa vyuma sakafuni, tukavipanga juu ya mbao, tukavifunika kwa nailoni.

Jumatatu, 23 Machi

Nina kiu. Nakunywa maji ya mtungi, ya bomba, ya chupa ya jirani yangu darasani. Nikitoka chooni narudi kunywa. Na mimi ni zege.

Jumatano, 25 Machi

Mama ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kujua kitu gani kinatembea na kipi hakitembei: misumari imebaki katoni ngapi, rangi gani imelala. Leo alifungua friji atoe mayai, akaichukua chupa yangu ya insulini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imekaa," akasema.

"Nimefungua mpya juzi."

"Juzi?"

"Ndiyo, Mama."

Alisimama mbele ya friji, mlango wazi, mpaka Bibi akamwambia atapoza nyumba nzima. Akairudisha chupa. Mayai akayasahau.

Ijumaa, 27 Machi

Zege liko mbaoni, limefunikwa, limekauka. Bado zito.

Jumamosi, 28 Machi

Leo alikuja mteja, mama mmoja anayetaka nondo za madirisha. Alikuja na mtoto wake wa kike, mwenye pengo mbele, ambaye muda wote alikuwa anaokota visoda vya chupa sakafuni na kujaza mfuko wa gauni. Mjomba akambatiza Kisoda papo hapo. Katika mazungumzo mama yake akasema mtoto ana sukari, ya sindano, na kwamba kila asubuhi ni vita.

Mjomba akazima mashine. Nilijua kinachokuja.

"Nati, njoo. Mama, mtazame huyu. Sindano tangu mdogo. Ungemwona mwezi wa kwanza usingemjua. Sasa ananyanyua chuma, mafuta yameyeyuka, na sindano inaelekea mlangoni."

Mama Kisoda akanitazama kiuno, halafu uso.

"Ni kweli, binti?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa hakuhitaji sauti, na mimi mbele ya wageni sina sauti. Kisoda akanipa kisoda kimoja, cha rangi ya machungwa. Kipo hapa mezani.

Jumatano, 1 Aprili

Nimechoka. Mvua.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilikuwa hospitali. Sasa nipo nyumbani, kitandani, na mkono uliotundikiwa dripu bado ni wa bluu, lakini unaandika.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Tumbo lilikuwa likiuma tangu mchana, nikasema ni la kawaida. Pumzi yangu ilikuwa na harufu ya tunda lililooza; niliisikia mwenyewe nikadhani ni kapu la jikoni. Nilikwenda karakana kwa sababu nilikuwa sijawahi kukosa. Mjomba alikuwa anaimba. Nikainama kukishika chuma cha bluu, na nilipoinama sakafu ikawa karibu kuliko kawaida. Nikatapika juu ya nailoni. Nakumbuka nilijali nailoni.

Mjomba aliniuliza maswali, nikawa namjibu vizuri kabisa, ila yeye hakuwa anasikia, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, sikuwa natoa sauti. Akanibeba. Kreni alikimbia na mimi mikononi mvuani hadi nyumbani. Mama akanitoboa kidole, akaweka damu kwenye mashine ya kupimia. Mashine ilikataa kutoa namba. Sukari ikipita kiwango inachokijua, haihesabu tena. Mama aliitazama kwa sekunde chache kisha akasema, kwa sauti ya stoo, "Gari." Mjomba alikuwa ameshatoka kutafuta.

Ninayoyakumbuka ya hospitali ni dari, maji ya dripu, na miguu ya Bibi iliyovaa ndala tofauti. Ninachokumbuka kuliko vyote ni hiki. Siku ya pili daktari alikuja, kijana, mwenye kalamu mbili. Mama yupo upande huu, Mjomba upande ule. Akaniuliza kwa lugha ya shuleni kama nilikuwa naruka sindano. Hakuuliza kwa ukali. Alifungua mlango kabisa, nilichotakiwa ni kupita. Nikamjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba friji letu ni bovu, mlango haushiki, umeme unakatika tangu mvua zianze, pengine dawa iliharibika.

"Anasemaje?" Mjomba akauliza.

"Anasema huenda friji liliharibu dawa," daktari akasema. "Inawezekana. Mngemleta kesho yake, tungekuwa na mazungumzo mengine hapa."

Nilidhani nalisingizia friji. Nililitafuta jambo lisilo na masikio, nikalitupia mzigo. Nilisahau kwamba ule mpira wa mlango Mjomba anasema ataubadilisha tangu mwaka jana. Kila mara Mama akikumbusha, anajibu, "Kesho, dada." Nilimwona akiikumbuka kila kesho moja moja. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mikono juu ya magoti, ile mikono yenye makovu ya cheche, akawa anaitazama.

Bibi akasema, "Mficha maradhi," akanyamaza. Nikafumba macho nionekane nimelala.

Jumapili, 12 Aprili

Friji limehukumiwa. Jana Mjomba alilibeba peke yake mpaka karakana. Amebadilisha mpira, amenyoosha bawaba, amechomelea stendi ya chuma lisiguse sakafu. Leo amelirudisha, akaniita nifungue na kufunga. Linafunga kwa mlio mzuri.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

"Ningefanya mwaka jana."

Jirani alipokuja kunipa pole, Bibi alimwonyesha friji kwa kidole, na jirani akalitazama kwa chuki. Mama peke yake hajalilaumu hata mara moja. Analipangusa, anaweka mayai.

Mjomba hanyanyui tena. Anasema mikono haimtii. Jana nilimwona amekaa kwenye ndoo, anakula mkate mkavu nusu nzima na soda, yeye aliyekuwa anatufundisha sote kusoma vibandiko vya sukari dukani. Nilikuwa nikimwona Mjomba kama mtu anayejua. Halafu nikamwona kama mtu mwenye mdomo mkubwa. Sasa namwona mgongo tu, umeinama juu ya soda.

Jumatano, 15 Aprili

Kliniki. Muuguzi alinieleza taratibu, kwa lugha ya nyumbani, na mimi nilisikiliza kama ni mara ya kwanza. Mazoezi ni mazuri kwangu na niendelee, lakini hayachukui nafasi ya sindano. Nipime kabla ya kunyanyua. Ikiwa chini, nile kwanza. Ikiwa juu sana, nisinyanyue. Mfukoni niwe na kitu kitamu, na anayefanya mazoezi na mimi ajue. Akasema kupungua kwa namna ile, mwili ulikuwa unajila: mafuta, na misuli pia.

"Uliona nguvu zinapungua?"

Nikamwambia tulidhani zege limekunywa maji. Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka kidogo.

Ijumaa, 17 Aprili

Sketi imekaa kiunoni bila pini. Mwenye maneno yake atasema Jumatatu.

Nilipima, ilikuwa sawa, nikaenda karakana na Mama akakaa mlangoni na mwavuli. Nailoni ilikuwa imepeperuka. Kile chuma cha bluu kilikuwa kimelowa chapachapa, matone yanadondoka kwenye makopo. Nikakishika, nikakipandisha. Magoti, kiuno, kifua. Kikakaa.

Nikakitua polepole. Mama aliliangalia zege, akaniangalia mimi.

Jumamosi, 18 Aprili

Nitaandika haraka.

Asubuhi Mama Kisoda alikuja kuchukua nondo zake. Mimi nilikuwa nafagia vyuma vidogo, Mjomba anasugua nondo ya mwisho bila kuimba. Kisoda aliingia, hakuokota kitu. Akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akakinga maji kwa viganja, akanywa. Akasimama. Akarudi, akanywa. Nikaacha kufagia. Gauni lake lilikuwa na mkunjo mkubwa mgongoni uliobanwa kwa pini.

"Ameanza kupungua kama dada yake huyu," Mama Kisoda akasema, amefurahi. "Tunafuata nyayo zenu. Tumemnunulia kamba ya kuruka, na wiki hii tumeanza kuacha sindano ya jioni."

Mjomba akaitikia bila kuinua kichwa. "Vizuri. Ila angalieni friji. Sisi friji lilitaka kutuulia mtoto."

Nikauona uongo wangu ukitembea. Umeshatoka nyumbani kwetu, umepata viatu.

Kisoda akarudi kwenye bomba.

Sikupanga maneno. Kama ningepanga, yasingetoka. "Mama, mpeleke hospitali," nikasema. "Sasa hivi. Sindano asiruke hata moja."

"Kwa nini? Mbona wewe..."

"Mimi sikuachishwa na daktari. Nilikuwa naacha mwenyewe. Ndiyo maana nilipungua, ndiyo maana nilianguka. Ugonjwa wetu sisi wa sindano hauponi kwa mazoezi. Friji halina kosa."

Nadhani ni maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya mgeni tangu nizaliwe. Mama Kisoda alimtazama mtoto, akauona mkono ulio chini ya bomba. Akamnyanyua akiwa na maji kiganjani na kutoka. Nondo amezisahau, ziko mlangoni.

Mjomba alikuwa amesimama na brashi ya waya mkononi. Mashine ilikuwa imezimwa tangu jana. Akachukua kofia ya kuchomelea, akaivaa, akaishusha usoni, akakaa kwenye ndoo. Kile kioo cheusi kikanitazama. Nikasema, "Mjomba."

Nilimkuta Mama jikoni nikamweleza yote, kuanzia ile Jumapili. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya friji.

"Nilijua siku ya chupa," akasema. "Dawa haikuwa inatembea. Nilisubiri uniambie mwenyewe, nikaona ni heshima. Haikuwa kazi ya kusubiri."

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anachambua mchele. "Mficha maradhi," akasema, na safari hii akamalizia, "kifo humuumbua." Akaendelea kuchambua. Sijawahi kuisikia sauti yake ikifika mwisho wa methali.

Mchana Mama Kisoda alipiga simu. Wamempokea mtoto, wamemwekea dripu, sukari imeanza kushuka. Mtoto anauliza visoda vyake.

Sasa ni jioni na Mjomba hajatoka karakana. Hakuja kula. Najua anachofikiri: kwamba neno lake lilikuwa karibu kuniua, na karibu kumuua mtoto wa watu. Hajui bado lile lingine, ambalo hata Mama nimemwambia mwishoni kabisa: kwamba nilikisoma kijitabu, mara mbili, na nilijua. Yeye alisema asichokijua kwa moyo mweupe. Mimi nilikijua nikanyamaza, kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu zaidi. Nimekitoa kijitabu chini ya godoro, nimekiweka mezani pamoja na kile kisoda cha rangi ya machungwa. Nitamtafsiria ukurasa kwa ukurasa, wake na wangu, tuone vyuma tunanyanyuaje kila mtu na ugonjwa wake.

Nasikia buti za mpira zinapita kwenye maji ya uani. Zinaburuta. Amesimama mlangoni, anazikung'uta matope, na Kreni hajawahi kukung'uta buti maisha yake yote. Daftari linaingia chini ya godoro, mahali pa kijitabu. Haya hatayasoma, nitamwambia kwa mdomo. Anapita jikoni. Friji limefunguliwa, limefungwa kwa ule mlio. Anakuja hu—